Langi na Kiti cha Mlangoni

Mama yetu Odile, wazee wa Fumbuni mnaoishi hapa Marseille, ndugu, jamaa na marafiki, historia hii inasomwa na Mlamali, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye familia imemteua ingawa mwenyewe alipendekeza mtu mwingine.

Marehemu Soilihi Fabrice Mdahoma, ambaye Ufaransa nzima ilimjua kwa jina la Langi, alizaliwa hapa Marseille tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati mzee Mdahoma Abdou, baharia wa Fumbuni, Ngazija, na mama Odile Garcin wa mtaa wa Estaque, akarithi macho ya mama na sauti ya baba, wakati kaka yake aliambulia kinyume chake, jambo ambalo kaka huyo hajalisamehe hadi leo.

Alisoma mtaani kwetu hadi mwaka 1998, alipoacha masomo ya ufundi umeme, kwani tayari alikuwa akishinda na kaka yake kwenye ngazi za jengo letu wakitunga mistari ya rap, Kifaransa kikichanganywa na Kingazija, na mistari mingi ya mwanzo ilikuwa ya kaka, lakini watu walisimama kumsikiliza mdogo.

Albamu yake ya kwanza ilitoka Oktoba 2003, akajaza kumbi za Paris, Lyon na Brussels, huku kaka akipakua makontena bandarini, na redio ya kwenye winchi ikimwimbia mdogo wake mchana kutwa.

Tarehe 21 Juni 2008 alifunga ndoa na Bi Nadège Roustan, wakajaliwa mabinti wawili, Echati na Margaux, lakini kwetu hiyo huitwa ndoa ndogo, na mwanamume asiyefanya arusi kuu kijijini hukaa mlangoni kwenye sherehe zetu, hata hapa Marseille, nyuma ya wazee, hata akiota mvi. Kaka aliifanya Agosti 2010, akavaa joho la waliotimiza arusi hiyo, akakaa safu ya mbele, na kila sherehe mzee Toihir, mmoja wa wazee wa safu hiyo, alimwambia Langi, "Huko Paris wewe bwana mkubwa, hapa bado mtoto wa mji, hujafanya arusi kuu, hebu shika sinia," naye alilishika, akapitisha wali, na kaka alikula kwa raha ambayo hawezi kuificha hata mbele ya jeneza.

Kumbe ni kwenye kiti kile cha mlangoni marehemu alikotunga wimbo wake uliopendwa kuliko zote, wenye mstari usemao, "Nawajua wazee wangu kwa migongo," na kaka alipousikia mara ya kwanza alizima redio, kwa sababu yeye, na joho lake lote, asingeweza kuuandika.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na kaka alipompelekea joho lake ili ajaribu kulivaa kitandani, mgonjwa alimjibu, "Livae mwenyewe, bwana, nikikuona nalo wivu unanikamata vizuri, nasahau maumivu," wakacheka wote wawili, hadi Mungu alipomchukua saa nne asubuhi, Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa jengo letu waliompikia mama, wanamuziki wenzake, na wafanyakazi wa bandari.

Wazee wetu, mmenong'ona kwamba msomaji amekuja bila joho. Ni kweli, ameliacha nyumbani, na akimaliza kusoma atarudi kwenye kiti cha mlangoni, alikokaa tangu asubuhi akiwatazama migongo, akingoja mstari wake mwenyewe wa wimbo, nao haujaja, na wivu bado anao.

Lala kwa amani, Langi, leo uko mbele ya wote.