Mjomba, Mzee wa Foleni

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza Mjomba, wazee wa familia wamenipa mimi, mpwa wake wa kike, kazi ya kusoma maisha yake, kwa kuwa ndiye aliyenichukua dukani kwake nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1979, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, kisha akajifunza kutengeneza redio kwa fundi mmoja mkali aliyempenda kama mwanawe. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na mkaza mjomba wangu, fundi cherehani, ambaye hadi juzi alimtania kwamba alimwoa ili apate wa kumshonea vifungo, wakajaliwa watoto wawili, nao wako hapa. Mwaka 2004 alifungua duka lake la kutengeneza simu.

Mwaka 2017 yule fundi wake alifariki, msiba ukatangazwa kwenye mtandao wa kijamii, lakini tangazo lilimfikia Mjomba baada ya maziko, kwa kuwa mtandao ulitanguliza matangazo ya magodoro na vichekesho vya watu asiowajua. Jambo hilo lilimuuma, akajifunza kompyuta, akatengeneza programu ndogo ya bure, isiyo ya kampuni yenye mtandao, inayochukua habari za ndugu na marafiki kutoka mtandao huo na kuzipanga kwa kufuata wakati zilipoandikwa, akaiita Foleni. Kwa kuwa kwenye foleni aliyetangulia ndiye huhudumiwa kwanza, aliianzisha na habari za zamani kabisa, basi jirani yetu mshona viatu akampigia rafiki yake kumpongeza kwa harusi, kumbe ni ile ya miaka mingi nyuma, na simu ikapokelewa na mke wa pili. Mjomba aligeuza mpangilio siku hiyohiyo, jina akaliacha. Mfanyabiashara mmoja alipotaka matangazo yake yatangulie, alimjibu kwa upole, "Panga mstari, ndugu yangu, mbele yako kuna mama anatafuta mtoto aliyepotea."

Aliugua figo tangu Agosti 2022. Machi mwaka huu, akiwa wodini, kampuni ilibadilisha mtandao wake, Foleni ikazimika, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka mno hata hakuweza kuandika, sote tukajua isipotengenezwa ndiyo basi tena. Akaniambia, "Mama, sogea, leo vidole ni vyako," akanielekeza mstari kwa mstari, nikikosea ananicheka, mpaka ikawaka, na habari ya kwanza ilikuwa ya jirani aliyejifungua mapacha. Alifariki tarehe 6 Aprili 2024, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliotuachia soketi ya kuchajia kompyuta, majirani waliobeba viti na maji, na mafundi wenzake wa programu waliosaidiana naye mtandaoni, ambao wengine leo ndiyo kwanza tunawaona sura.

Pumzika, Mjomba, kwa amani, ikizimika tena nitaiwasha.