Gad na Esansi ya Bidoni

Sakwe sakwe, kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Najua huko mliko mmeshanijibu: soma. Haya. Nikimpulizia kidogo anaamka, nikimpulizia sana anakufa. Ni nani huyo?

Kaeni na jibu lenu kwanza. Asubuhi hii ziwa bado limejifunika ukungu, na ukisimama ufukweni hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Ni asubuhi nzuri ya kumkumbuka mtu aliyeishi kwa kusikiliza.

Mtu huyo ni Gad Rutayisire, fundi wa injini wa hapa Gisenyi. Ametutoka Jumanne, baada ya kuugua ini. Kwa waliochelewa kufungua redio narudia: Gad Rutayisire, fundi, mume wa Donatille, hatunaye tena.

Alizaliwa Nyamyumba, karibu na yale maji yanayochemka yenyewe. Dada yake mkubwa, Mukabera, ameniambia: "Tulikuwa tunamutafuta kwa chakula, kumbe iko amelala pale, sikio kwenye mawe. Unamuuliza, we Gad, unafanya nini? Anasema, nyamaza, chini kuna mutu anapika."

Sikio lile ndilo alilokwenda nalo Goma kujifunza ufundi, na ndilo alilorudi nalo kufungua gereji yake kwenye barabara ya mpakani.

Sasa sikilizeni habari ya gari la Kenny. Kenny ni jirani yake, kijana aliyerudi kutoka Uganda. Mwaka jana, tisini na nane, alileta turbo kubwa kuliko ile iliyokuwa kwenye gari lake. Turbo, kwa sisi wa jikoni, ni kijifeni cha chuma. Moshi wa gari unakizungusha, nacho kinaisukumia injini hewa. Turbo kubwa, hewa nyingi. Hewa nyingi inataka esansi nyingi, yaani petroli, na cheche nayo ingoje wakati wake. Anayegawa vyote hivyo ni kompyuta ya injini. Ikigawa vibaya, moto unalipuka kabla ya saa yake na injini inatoboka.

Na injini ile isingekuwa na ya pili. Ng'ombe wa marehemu baba yake Kenny ndio waliouzwa wakageuka gari. Ikitoboka, yamekwisha. Lakini Kenny alikuwa anaota mashindano ya kupanda mlima huko Kigali.

Wakaanza. Kenny ameshika kompyuta yake ya kukunja, ndiyo ya kuifundisha ile ya injini. Gad ameketi pembeni, na bomba la shaba limefungwa kwenye injini, mpira wake umeingia sikioni. Walipanda barabara ya Mudende, katikati ya viazi vilivyochanua. Walianza na hewa kidogo, esansi ya kutosha na kuzidi, cheche ya kuchelewa. Wanapanda, wanasimama, wanazima. Gad anafungua buji, ile inayotoa cheche, anaitazama rangi kama mama anavyotazama ulimi wa mtoto. Ikiwa safi, wanaongeza hewa kidogo tena. Watu wa Mudende wanasema gari lilikuwa linapita kama upepo unaota ndoto.

Siku lilipopaa kweli, Kenny akacheka peke yake. Gad akavua mpira sikioni.

"Sasa mwaga."

"Nimwage nini, Muzee?"

"Esansi. Hii ya Kigali ni ya karamu. Tuweke ile ya bidoni."

Ile ya bidoni mnaijua, inayouzwa kwa madumu kando ya barabara, na Mungu pekee ndiye anajua imechanganywa na nini.

"Muzee, gari ya mashindano haiwezi kunywa ile."

"Mashindano ni siku moja. Siku zingine utaiwekea nini, urwagwa wa ndizi?"

Wakaweka ya bidoni. Walipopanda, Gad akasikia mahindi yanapukutishwa kwenye sahani ya bati. Ndiyo sauti ya moto unaolipuka kabla ya saa. Akainua mkono, Kenny akatoa mguu. Kisha wakapunguza hewa, wakachelewesha cheche, wakaiamuru kompyuta ikate esansi kabisa kama hewa itapita kipimo hicho. Nusu ya utamu ikaondoka.

"Umeikata mabawa," Kenny akasema.

Akaenda Kigali, akashindwa. Akarudi na hasira. Donatille anakumbuka: "Akipita mbele ya gereji anafunga vitre ya dirisha asimusalimie muzee. Mi nakasirika. Gad ananiambia, nyamaza, nisikilize kama inagonga."

Kompyuta Kenny alikuwa nayo, waya alikuwa nao. Alisema Jumapili atarudisha ile hewa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi habari ikashuka kutoka Bugeshi. Mwiza, mke wake, alikuwa kwa mama yake kule juu, uchungu umemshika na mtoto hatoki. Stesheni ya esansi haikuwa na tone. Kenny akajaza ya bidoni. Acheni aseme mwenyewe: "Nilikanyaga mpaka chini, njia yote ya kupanda. Nilikuwa nangoja kusikia inavunjika. Haikuvunjika. Iliimba tu, ndani ya ukungu, mpaka kwenye mlango wa mama mkwe."

Akamshusha hospitali kwa gari lile lile. Mwiza yuko hai. Mtoto, Uwase, yuko hai.

Siku iliyofuata gari lilisimama mbele ya gereji na vitre ikashuka. Gad hakuuliza habari ya salamu zilizopotea.

"Uliweka esansi gani?"

"Ya bidoni, Muzee."

"Bon," akasema Gad. Akarudi chini ya gari la mtu mwingine.

Ile Jumapili ya kuongeza hewa haijafika mpaka leo.

Nimetoka kwenye kilio alfajiri hii. Moto wa msiba ulikuwa umelala, na Kenny akapiga magoti kuuamsha. Akapuliza kwa mapafu yote, majivu yakaruka, makaa yakaanza kuzimika. Donatille alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kitenge.

"Kenny, kijana yangu," akamwambia. "Yule muzee alikufundisha nini?"

Kenny akafuta majivu usoni. Akainama tena, akapuliza kidogo. Akangoja. Akaweka sikio karibu.

Donatille, Mukabera, na nyumba nzima ya Rutayisire, tunalia pamoja nanyi, na Mungu awapanguse machozi kwa mkono wake. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jibu la kitendawili mnalo. Mkiinamia mkaa wenu asubuhi hii, pulizeni, kisha ngojeni kidogo. Msikilize.