Mshipa Uliogawa Shamba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi, Baba Paroko, Daktari Tusajigwe tunayekuaga leo, ndugu wageni waalikwa, na wanangu Peter na Vitus mlionileta kutoka Kilolo: kamwene!

Nimeombwa mimi, Veneranda, niseme kwa niaba ya wagonjwa wa moyo. Ni heshima kubwa. Kasoro yake ni moja tu: siumwi.

Mwaka juzi nilikuja hapa hospitalini Iringa na kikohozi. Wakanipaka jeli ya baridi kifuani, wakanipima kwa ultrasaundi, na Daktari huyuhuyu, kwa ile sauti yake ya Kinyakyusa inayosikika hadi getini, akatangaza kwamba mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo wangu umepanuka kupita kawaida. Umepanuka, alisema. Wanangu, niliowasomesha kwa viazi, wakasikia utapasuka.

Ndugu zangu, mmewahi kupendwa na watoto? Jembe nisishike, ndoo nisibebe, mlima nisipande! Na kwa kuwa mama wa kupasuka wakati wowote hafai kusumbuliwa na mali, shamba langu la bondeni wakagawana, Peter upande wa mto, Vitus upande wa barabara. Mimi nikawekwa kwenye kochi, naletewa chai. Nililia kwenye kochi lile, sifichi. Nilikuwa kama nahudhuria matanga yangu mwenyewe.

Sasa nimsifu Daktari. Ni wataalamu wangapi hujiuliza swali wakishatoa jibu? Yeye aliniona siku moja nikiinama kupita mlangoni, akashtuka: "Mama, hivi una urefu gani?" Swali zuri. Lilichelewa mwaka mzima, lakini zuri. Kumbe chati ya ukutani aliyolinganishia mshipa wangu ilikuwa ya mwanamke wa urefu wa wastani, na mimi wastani niliuaga tangu darasa la pili! Basi akaita watu wazima wenye afya, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, akawapima mishipa mmoja mmoja na urefu wao pia. Nilipolinganishwa na warefu wenzangu, nikaangukia katikati kabisa. Sijawahi kufurahi hivyo kuitwa mtu wa kawaida.

Daktari, nenda Tukuyu ukapumzike. Ulikosea, ukarudi kuuliza. Sijui ni wangapi hapa meza kuu wamewahi kujaribu. Nakushukuru kwa moyo wote, ambao sasa tunajua vipimo vyake.

Ila tangu nipone ugonjwa ambao sikuwa nao, kila nikigusia shamba wanangu hunijibu, "Mama, tutaongea." Tutaongea lini, na mvua hizo zinakuja? Mheshimiwa upo, Baba Paroko upo. Mashahidi wazuri kuliko ninyi nitawatoa wapi? Peter baba, simama. Usimwangalie Vitus. Waambie wakubwa hawa: shamba langu narudishiwa lini?

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tumsikilize Peter.