Goli Ambalo Corinne Hakulikataa

Mgeni rasmi, Bwana Murray Thorvaldson, Mwenyekiti wa Ligi, viongozi wa klabu, waamuzi wenzetu:

KARIBU
Sisi waamuzi wa mchezo wa magongo kwenye barafu wa Kestrel Lake tumefurahi kukuona. Umeendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye theluji, nasi hatuna cha kukupa ila supu ya bitiruti na chumba kinachonuka glavu. Tuwie radhi kwa hiyo harufu, tumeizoea mno.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Tulianza tukiwa watatu wenye vipyenga viwili. Msimu huu mpaka sasa tumechezesha mechi zote, na ni mwamuzi mmoja tu aliyekimbizwa mpaka kwenye gari lake. Msimu uliopita walikuwa wanne, kwa hiyo tunasonga mbele.

CHANGAMOTO
Kanuni inasema mchezo unasimama pale mwamuzi anapoamua kichwani, si pale kipyenga kinapolia. Kipyenga kikichelewa, ni yeye peke yake ajuaye kama alikuwa ameshaamua.

Fainali ya msimu uliopita ilichezeshwa na mwenzetu Corinne Pawliuk. Dakika ya mwisho, timu zikiwa sare, kisahani kinachochezewa badala ya mpira kilipotelea chini ya miguu ya kipa wa timu ya mji wetu. Kwa kuwa hakukiona tena, Corinne alipaswa kusimamisha mchezo, lakini akasita. Kisahani kikavuka mstari, ndipo akapuliza. Msaidizi wake, Len Dubyk, akamsogelea.

"Sema ulikuwa umeshaamua, yaishe."

"Sikuwa nimeamua, Len. Niliogopa."

"Wewe mama, hapa ni kwenu. Kesho mkate utanunua wapi?"

"Nitaoka."

Akanyoosha mkono golini, akawapa wageni goli lao. Watu mia sita wa mji wake wakamzomea, na kombe likaondoka.

Wiki mbili baadaye barua ya Ligi ilimwondoa kwenye orodha kwa sababu ya kutojiamini. Neno hilo limetuuma sana, mgeni rasmi. Mpaka leo anakuja kutupikia kahawa, kisha anaondoka kabla mechi haijaanza.

OMBI
Tunakuomba umrudishe Corinne msimu huu. Ana miaka hamsini na mbili, na magoti yake hayana subira ya kungoja vikao vya Ligi.

Kabla ya kuandika risala hii tulikaa tukaulizana ukweli. Kati yetu kumi tuliobaki, tisa tumewahi kusema "nilikuwa nimeshaamua" huku tukijua hatukuwa tumeamua. Mimi Len Dubyk, ninayekusomea, nimesema hivyo mara tatu, na mara moja nilikataa hivyo goli la fainali ya mwaka mwingine. Hakuna kati yetu aliyewahi kuandikiwa barua. Majina yetu yote tisa tumeyaweka kwenye bahasha iliyo mbele yako, na kama Corinne harudi, tunaomba uyafute na hayo kwenye orodha.

Mungu akufikishe kwako salama, na barabara isikutelezee.

Ni sisi, waamuzi kumi wa Kestrel Lake, pamoja na Corinne.