Mama Harriet, Mikrofoni na Ng'ombe Waliokonda

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Harriet Jubek, msimulizi wa filamu wa Ukumbi wa Kinyeti hapa Nyakuron, Juba, atastaafu rasmi baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Kamati imeniomba mimi, Onesmus wa mitambo, niandike wasifu wake, eti kwa kuwa ndiye niliyekaa naye karibu zaidi. Ukweli ni kwamba wenzangu wote walikataa kwa kuogopa kulia. Mimi nilikubali, nikalia mapema, na sasa tunaweza kuendelea.

Kwa mgeni asiyejua kazi yake, ni hivi. Filamu zetu nyingi huja zikizungumza Kihindi, Kichina au Kiingereza cha Lagos. Mimi hupunguza sauti ya filamu, na Mama Harriet, akiwa kando ya skrini na mikrofoni yake iliyofungwa kitambaa chekundu, husimulia kila kitu papo hapo kwa Kiarabu cha Juba. Akikasirika huingiza Kiswahili. Wahusika wabaya wote wa dunia hii wamewahi kutukanwa kwa Kiswahili humu ndani.

Kazi aliianzia uhamishoni, Uganda. Alikuwa akiuza chapati mlangoni pa kibanda cha video mjini Arua, na siku msimulizi wa pale alipolazwa na malaria, Mama aliweka chapati chini akashika mikrofoni. Wanaume walicheka. Filamu ilipofika katikati, walikuwa wakimwomba asinyamaze hata kumeza mate. Amani ilipokuja akarudi nyumbani, na mwaka 2006 akaanza nasi, ukumbi ukiwa mabati, mabenchi na televisheni moja yenye kukoroma.

Kihindi, tuseme wazi, hajui hata salamu. Hutazama filamu peke yake mchana, akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Maandishi yasipokuwepo, husoma nyuso za watu. Nilimuuliza siku moja kama haogopi kukosea, akanijibu kwamba mama aliyenyimwa binti analia namna ileile Bombay na hapa mtaani Hai Jalaba.

Lakini kuna siku alisema kweli tupu na ikamtokea puani. Ilikuwa filamu ya Kihindi ya harusi. Kule kwao, katika hadithi ile, baba wa bibi harusi ndiye aliyetakiwa kutoa mali kwa upande wa bwana harusi, na hakuwa nayo. Mama akasimulia hivyohivyo. Lo! Ukumbi ulichafuka. Bwana Konga, dereva wa lori kutoka mtaa wa Sherikat ambaye hajawahi kukosa Jumamosi, alisimama juu ya benchi na kupaza sauti: "Mama, wewe nadanganya sisi! Baba natoa mutoto, halafu natoa na ng'ombe? Hii India gani?" Watu wakamwunga mkono, wengine wakaanza kutoka.

Jumamosi iliyofuata filamu ileile ilirudiwa, na Mama alikuwa amejipanga. Safari hii deni lilikuwa la upande wa bwana harusi, kama inavyostahili. Yule mzee aliyekuwa akilia kwenye skrini, baba wa bibi harusi, alitueleza, ameletewa ng'ombe waliokonda. Ng'ombe wenyewe hawakuonekana popote, lakini alituhakikishia kwamba wako nyuma ya ua. Kisha mzee akavua kilemba, akapiga magoti mbele ya wakwe. Mimi nilijua pale hakuna njia ya kutokea, maana anayeletewa mahari hapigi magoti. Mama hakutetereka hata kidogo. "Anakagua kwato," akasema, na ukumbi mzima ukaitikia kwa kichwa. Harusi ilipofungwa mwishoni, alisimulia kwamba mzee amewapokea ng'ombe hivyohivyo, maana binti anampenda kijana, na ng'ombe hunenepa.

Tulicheka sana ofisini, tukadhani mambo yameishia hapo. Kumbe!

Miaka michache baadaye Bwana Konga alikuwa akimwoza binti yake, Emma. Mchumba, mwalimu Silvester, alikuwa kijana mwema, lakini ule ulikuwa mwaka mgumu na ng'ombe walioletwa walikuwa mifupa inayotembea. Ndugu za Konga walitaka warudishwe siku hiyohiyo. Emma alikuwa ndani na mashangazi, akisikia kila neno, akijua harusi yake inaponyoka. Konga aliwazunguka wale ng'ombe kimya, akapiga magoti vumbini, akainua kwato moja baada ya nyingine. Aliposimama, aliwaambia ndugu zake kwamba hata India wazee wenye heshima hupokea ng'ombe waliokonda. Ng'ombe hunenepa, akasema, na mazungumzo yakafungwa. Leo Emma na Silvester wana watoto wawili, na ng'ombe, kwa taarifa yenu, walinenepa.

Tangu hapo mtindo ukaenea. Ukienda kwenye mazungumzo ya mahari Sherikat leo, utamwona baba wa binti akipiga magoti kukagua kwato, na ukiuliza watakuambia ndiyo desturi. Wasomi hutujia na maswali, je, filamu huonyesha utamaduni wa watu au huubadilisha? Mimi huwapa chai, nikawaambia waende Sherikat wakatazame magoti ya wazee. Watoto wetu nao wakitaka kupigana huinamiana kwanza kama Wachina, na mama mkwe akishuka kwenye bodaboda na begi kubwa, mtaa mzima unajua ni filamu ya Lagos inaanza.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mwaka huu koo la Mama Harriet lilichoka, na daktari akamwambia aipumzishe sauti. Hilo alilipokea. Kilichomnyima raha ni kingine. Emma, yuleyule wa ng'ombe, alikulia kwenye mabenchi yetu, na sasa amekuwa mtengeneza filamu. Alikuwa anamalizia filamu yake ya kwanza, imepigwa hapahapa Juba, na watu wake wanazungumza Kiarabu cha Juba tangu mwanzo hadi mwisho. Tukiwa tunakunywa chai kwa Charity, muuza chai wa jirani, Mama aliniambia kwamba maisha yake yote ameomba Mungu amwonyeshe filamu inayoongea kama sisi, na sasa kwa kuwa inakuja, anaiogopa. Watu wakijisikia wenyewe kwenye skrini, aliuliza, nani atakumbuka kwamba kulikuwa na mama mmoja pembeni? Nilimwongezea sukari.

Filamu ya Emma ilionyeshwa kwetu Oktoba. Mama aliwekwa benchi la mbele, na kwa mazoea alikuja na mikrofoni yake, akaipakata ikiwa imezimwa. Kwa mara ya kwanza katika ukumbi huu nilipandisha sauti ya filamu hadi mwisho. Watu walicheka kwa furaha kuwasikia wauza samaki wakibishana kama wauza samaki. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nawaambia kweli, nilimtazama yeye kuliko filamu.

Ndipo likaja tukio la mahari, ambalo Emma alilichukua kwenye posa yake mwenyewe. Bwana Konga alikataa katakata mtu mwingine aigize nafasi yake, kwa hiyo alikuwa ni yeye mwenyewe mle kwenye skrini, akiwazunguka ng'ombe waliokonda. Emma alikuwa ameliacha tukio lile bila neno hata moja. Konga akapiga magoti. Kimya. Na katika kimya kile, kutoka mabenchi ya nyuma, sauti moja ya mwanamke ikasema, "Anakagua kwato." Ya pili ikafuata, kisha ishirini. Konga akasimama akijipangusa vumbi, na kabla hajafungua mdomo, ukumbi mzima, wazee kwa watoto, ukatamka pamoja: "Ng'ombe hunenepa!"

Mama Harriet alilia waziwazi. Alikifungua kile kitambaa chekundu kutoka kwenye mikrofoni, akafutia machozi, kisha akanikabidhi mikrofoni ikiwa tupu. Akasema neno moja, kalas, yaani basi, imetosha. Lakini alikuwa anatabasamu.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kinyeti, asante. Ulituletea dunia nzima kwa lugha ya nyumbani. Tunakuombea koo lipone, bamia zako zistawi, na wajukuu wakuachie nafasi ya kulala mchana. Benchi la mbele ni lako daima. Na ikitokea siku umekaa nyumbani ukadhani sauti yako imenyamaza, njoo Jumamosi yoyote, wala usiingie. Simama tu mlangoni usikilize. Utatusikia tukisema maneno yako.