Bi. Sidonia, Aliyetuchagulia Muziki wa Kunyoosha Migongo

Na Stumai Hamisi, Chumba cha Wapiga Chapa

Tarehe 28 Juni 1996 Bi. Sidonia Chilewa, mwalimu wa elimu ya viungo, anaondoka chuoni kwetu baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi. Uongozi unasema anastaafu. Umri wa kustaafu haujamfika, wala hakuomba. Amestaafishwa. Mimi nimeombwa niandike wasifu huu kwa lugha ya furaha, na hiyo furaha nimeitafuta nikaikosa, kwa hiyo wasomaji wanivumilie.

Alizaliwa Mvumi, akasomea ualimu, akajiunga nasi mwaka 1975. Baadaye alipelekwa India kwa kozi, akarudi na yoga, akatufungulia darasa sisi wafanyakazi. Mwanzoni tulimcheka. Wapo waliosema ni dini ya kigeni inaingizwa kwa mlango wa nyuma, mpaka Bi. Shamimu wa maktaba, mama wa swala tano asiyetiliwa shaka na mtu, alipotandika mkeka wake mstari wa mbele, na baada ya wiki chache akawa anainuka kitini bila kushika kiuno. Sisi wapiga chapa, tunaoinamia mashine kutwa nzima, tukamfuata mbio.

Kilichomsumbua ni muziki. Alianza na kaseti ya kwaya, akidhani itatutuliza. Watu wa Dodoma na kwaya! Kabla ubeti wa pili haujaisha darasa lilikuwa limejigawa lenyewe, sauti ya kwanza huku, besi kule, miguu ikiwa hewani, na hakuna anayekumbuka kuvuta pumzi. Akajaribu taarabu. Bi. Shamimu akanyanyuka mkekani, akaenda kuitunza redio kwa noti, kama vile ndiyo mwimbaji.

Ndipo alipobuni kipimo chake. Kila kaseti aliisikiliza kwanza peke yake, amelala chali, mlango umefungwa. Ikimtikisa hata kidole cha mguu, inarudi kwenye kasha. Iliyofaulu ilikuwa moja tu: zeze la Yoramu, mpishi wetu, alilomrekodi akilipiga jikoni siku ya mapumziko. Halina maneno, linakwenda taratibu kama ng'ombe walioshiba. Kwa zeze hilo tulipumua miaka mingi, na maumivu ya mgongo yakawa hadithi.

Kisha likaja soko huria. Mwaka jana Mkuu wa Chuo, Bwana Charles, alitangaza kwamba darasa litafunguliwa kwa wageni wa kulipa, na kwamba wageni wa kulipa hawanyooshwi viungo kwa zeze la mpishi. Akaagiza kaseti ya ng'ambo yenye sauti ya maporomoko ya maji. Bi. Sidonia aliisikiliza chali kama kawaida yake, akamwambia, "Mkuu, hii kwa hapa Dodoma haifai." Hakusikilizwa.

Msomaji wa Dodoma ameshajua kilichotokea. Siku ya uzinduzi tulikuwa tumelala, macho tumefumba, wageni wamelala pamoja nasi, na mabomba yamekauka tangu Jumapili. Maji yakaanza kumiminika. Nani abaki amelala? "Yametoka jamani! Maji yametoka!" mtu akapiga kelele nyuma, na darasa zima likakimbilia ndoo, wengine wakimruka mgeni rasmi hapo alipolala. Tulipofika bombani hapakuwa na tone.

Tulicheka mpaka machozi. Bwana Charles hakucheka. Alimwita Bi. Sidonia ofisini, akamwambia kwamba alitupanga tumwaibishe. Akamtaka awaombe radhi wageni, na kuanzia siku ile atumie kaseti ile ile, asitumie nyingine. Dirisha lilikuwa wazi na jibu tulilisikia sote: "Mkuu, mimi siombi radhi kwa sababu watu hawana maji." Zoezi la kupunguza wafanyakazi lilipofika chuoni, wa kwanza kupunguzwa alikuwa yeye.

Nina hasira, na sioni haya kuiandika. Tumenyang'anywa mwalimu kwa sababu bwana mkubwa mmoja aliona aibu mchana mmoja. Soko huria limeturudishia sukari na sabuni madukani, nalishukuru. Lakini soko halikumtuma mtu amfukuze mwenzake kwa kusema kweli. Hilo ni la Mkuu mwenyewe, asilitwike soko.

Bi. Sidonia, asante sana. Wapo humu waliokuja kwako wamepinda na leo wanabeba wajukuu. Mungu akupe afya, mvua za kutosha shambani kwako Mvumi, na asubuhi zisizo na kengele ya kazi.

Wenzangu, Jumatatu saa kumi jioni ukumbi wa chuo utakuwa na kaseti ya maporomoko na mwalimu mpya atakayeletwa. Sisi tutakuwa uani kwa Bi. Sidonia, Chang'ombe. Ameshakubali. Bwana Charles naye kiuno kinamsumbua, hilo tunalijua. Akija atapewa mkeka. Muziki hatachagua.