Ndara za Umeme na Flashi ya Mwalimu

Bandari, mwenye duka la kuchapa karatasi, alimsingizia mtu, na habari hii haiwezi kuanza bila kulisema hilo kwanza. Alimsingizia mchana kweupe, mbele ya wateja, tena mtu anayesali naye: mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaani. Mwalimu alikuja na flashi yake ili achapiwe mitihani ya watoto. Flashi ilipoingia tu kwenye kompyuta, mshale wa kwenye kioo ukaganda. Bandari akasukuma kipanya huku na kule, mshale umenuna. Wateja wakatazamana. Naye, badala ya kusema hajui, akajikohoza kama daktari, akatamka: "Mwalimu, flashi yako ina kirusi. Umeniulia mashine." Mwalimu aliishika flashi yake kwa ncha za vidole, akaomba radhi, akatoka kinyumenyume. Usiku wake sala ya Bandari haikupanda hata kufika darini.

Haikupanda kwa sababu moyoni alikuwa na shaka na meza yake mwenyewe. Tundu za USB yeye huziita bandari, maana alisikia mtu akizitafsiri hivyo, na ndiko jina lake lilikotoka. Bandari hizo hazikosi shehena. Kuna feni ya kumpepea uso, kuna taa yenye shingo ndefu kama inayochungulia kwa jirani, kuna kisahani cha kupashia kikombe cha kahawa, na juu ya yote kuna ndara za manyoya zinazopasha miguu joto. Joto la miguu, kwenye chumba cha mabati, mwezi wa jua kali. Siku ile ilimbidi apapase nyuma ya mashine na kuchomoa waya mmoja mweusi, akitafuta wa ndara, ili flashi ya Mwalimu ipate nafasi. Miguu ilibaki ya moto, akadhani ni aibu. Mwalimu alipoondoka, akachomeka kisahani kwenye tundu lililobaki wazi, maana kahawa ilikuwa inapoa.

Asubuhi yake, kwenye benchi lililo nje ya duka, walikuwapo wale wale wa kila siku. Soli, fundi viatu, mwenye kisanduku chake pembeni mwa mlango. Breki, dereva mstaafu, ambaye hakumbuki kustaafu. Na Karani, aliyewahi kufanya kazi masjala na tangu hapo hajaongea kama watu. Bandari alitoka na chupa ya kahawa kwapani, ndara miguuni, na kipanya cha kompyuta mkononi, mkia wake ukiburuzika chini.

— Huyo hapo, alisema. Mshikeni wenyewe. Nimeizima mashine, nimeiwasha, mshale umekaa katikati ya kioo kama mkwe ukumbini.

Soli akakipokea kipanya, akakipindua, akakigonga tumboni kama anayepima soli.

— Amekufa na macho wazi, alisema. Lakini Bandari, kabla hatujazika, hizo ndara umezichomoa au umetoka na umeme wa watu?

— Nachomoa hapa kisiginoni. Waya unabaki chini ya meza.

— Miaka yote nashona viatu, sijaletewa kiatu kinachokula umeme. Kikitoboka utakileta kwangu au utakipeleka kwa fundi wa redio?

— Unaona wivu tu.

— Wivu? Feni inakupuliza usoni upoe, ndara zinakuchoma chini uive. Wewe ndugu yangu ni mtu au ni chapati?

Breki alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Akajipangusa, akakidaka kipanya kutoka kwa Soli.

— Hili ni suala la mzigo, alisema. Gari likizidishiwa abiria halipandi mlima. Hii mashine ina feni, ina taa, ina jiko, ina viatu. Ukaja ukaipandishia na shule nzima ya watoto. Itaendaje?

— Flashi ni ndogo kama kidole, alisema Bandari.

— Ndogo kwa nje. Ndani mna madarasa mangapi? Halafu hiyo feni umeielekeza wapi? Mbele. Upepo wa mbele unarudisha gari nyuma. Igeuze, mshale utatembea wenyewe.

— Kwa mujibu wa utaratibu, alisema Karani, na wote wakashusha pumzi, kwa mujibu wa utaratibu, tuanze na kirusi. Flashi ya chekechea inashinda wapi? Inashinda na watoto. Watoto wana mafua. Mimi nilimweleza Mwalimu jana hiyo hiyo, rasmi, kwamba aitenge.

Bandari aligeuka.

— Ulimweleza nini?

— Aitenge. Aifunge kwenye nailoni. Na nilivuka barabara kuwaarifu watu wa duka la ng'ambo, wasije wakaambukizwa. Wakanishukuru sana. Wamesema hawataipokea hata ikiletwa na polisi.

Bandari aliitua chupa ya kahawa kwenye benchi. Ng'ambo ndiko kuliko na duka jingine pekee la kuchapa mtaani, na mitihani ya watoto ilikuwa kesho.

— Nani alikutuma, mzee?

— Wewe. Si ulitangaza mwenyewe kirusi? Mimi nimefanya usambazaji.

— Labda si kirusi, alisema Bandari polepole. Labda ni hivi vikorokoro vyangu.

— Sasa unatetea mharifu, alisema Karani.

— Mhalifu, alimsahihisha Soli. Ila mimi nakubaliana na Bandari, vikorokoro vina neno. Fikirini. Kisahani kinapasha kikombe. Kikombe kinatoa mvuke. Mvuke unaingia ndani ya mashine. Herufi zinalowa. Mshale nao ukilowa, unateleza au unaganda?

— Unaganda, alisema Breki, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia.

— Basi mnachohitaji ni kuianika hiyo mashine juani, alisema Soli, na kompyuta ya Bandari itakuwa ya kwanza duniani kupigwa pasi.

— Nyie mnacheza, alisema Breki. Mimi nawaambia mshale haumo humo tena. Umehamishwa. Watu wa ng'ambo wanao. Kwao mishale miwili, kwetu picha tu. Juzi nilipita nikaona mshale wao unakimbia mno. Mshale mmoja hauna mbio zile.

— Kwa hiyo twende tukaudai, alisema Soli. Karani atuandikie barua, nakala kwa kisahani.

Kipanya kilikuwa kimezunguka mikono yote, na kila aliyekishika alikiangalia tumboni, akakinusa, akatikisa kichwa. Bandari pekee hakucheka. Alikuwa akimtazama mtu anayekuja kwa upande wa chekechea, amekumbatia rundo la karatasi kifuani.

Alikuwa Mwalimu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino mpaka kwenye viganja. Soli alisimama, akampisha nafasi kwenye benchi.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba. Sikai, baba, nina haraka. Nimekuja kumpa pole kaka Bandari. Mashine imeamkaje?

— Bado, alisema Bandari, akitazama ndara zake.

— Nimekuombea. Nimeiombea na mashine. Sikujua flashi ile ni chafu, kaka. Nilipoambiwa niitenge, nimeitia kwenye nailoni, nailoni nimeitia kwenye kopo, kopo nimeliweka mbali na chaki. Ninalo hapa kwenye mkoba. Ng'ambo nao wameikataa. Sikuwalaumu, nani anataka kufiwa na mashine?

— Sasa mitihani? aliuliza Breki.

— Naandika kwa mkono. Darasa la wakubwa nimemaliza. Wadogo ndio kazi, maana wao ni picha. Kila mtoto achore mstari, bata aende kwenye maji, kuku aende kwenye banda.

Alipangua karatasi za juu kuwaonyesha. Bata wa kwanza alikuwa mnene, ana manyoya na jicho la kung'aa. Kadiri karatasi zilivyoshuka, bata alikonda. Wa chini alikuwa mdomo na miguu, hana hata bawa.

— Mkono umechoka, alisema Mwalimu, kama anayemwombea radhi yule bata.

Karani alikosa utaratibu wa kuufuata. Mwalimu akakiona kipanya mkononi kwa Soli.

— Ndicho hicho kilichougua?

— Ndiye marehemu, alisema Soli.

Mwalimu alikiinua kwa mkia, akautazama mwishoni, pale penye kidude cha kuchomekea, kilichokuwa kimejaa vumbi la barazani.

— Na ulipotoka nacho ndani sasa hivi, kaka, ulikichomoa wapi?

Bandari alihesabu moyoni. Ndara alizichomoa, kisiginoni, hilo analikumbuka. Chupa aliitoa mezani. Kipanya alikishika tu, akanyanyuka, nacho kikaja. Kilikuja bila kuvutwa, bila kushikiliwa na kitu, kama mbuzi aliyekatika kamba. Akarudi nyuma hadi jana: mkono unapapasa gizani nyuma ya mashine, waya mweusi, na miguu iliyobaki ya moto.

— Ulikichomoa lini? aliuliza Breki, ingawa ndiye aliyekishika kwa muda mrefu kuliko wote.

Karani alijikuna kidevu. Soli aliutazama ule mkia, akamtazama Bandari. Chupa ya kahawa ilipoinamishwa ilitoa tone moja, basi.

Kulikuwa na njia nyepesi, na Bandari aliiona. Angeweza kuingia ndani, kukichomeka kipanya kimyakimya, kisha atoke akitabasamu, aseme kirusi kimekimbia, maombi yamejibiwa. Mwalimu angeamini. Angetoa na shukrani. Na ile flashi ingebaki ndani ya nailoni, ndani ya kopo, na jina lake chafu mtaa mzima.

Alivua zile ndara, akazisukuma chini ya benchi kwa mguu. Akasimama peku.

— Mwalimu, alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Flashi yako haina kitu. Mimi ndiye niliyechomoa kipanya nikidhani nachomoa ndara, na kiburi kikanizuia kusema sijui. Nilikusingizia mbele za watu, na nakusafisha mbele za watu. Karani, utavuka tena ukawaambie.

— Rasmi? aliuliza Karani.

— Kwa miguu.

Mwalimu alikaa kwenye benchi, alipokataa kukaa mwanzo. Alizitazama karatasi zake, akavitazama vidole vyake, akamtazama yule bata asiye na bawa. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Bandari alinyoosha mkono mtupu.

— Nakuomba hilo kopo, Mwalimu.